Masomo ya Kiyahudi: chuoni husomwa nini hasa?

Muulize mtu aliyekulia kanisani Wayahudi ni akina nani. Atakupitisha kwa Ibrahimu, Musa na Daudi, mpaka Warumi walipolibomoa hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Aliyepitia madrasa atakutajia Bani Israili na manabii wao, pengine na Wayahudi wa Madina. Kisha wote wawili wananyamaza, na wakizinduka ni mwaka 1948, taifa la Israeli linatangazwa. Sehemu kubwa ya Masomo ya Kiyahudi imo ndani ya kimya hicho.

Kwa maana nyepesi, ni taaluma inayochunguza historia, dini, lugha, maandishi na maisha ya Wayahudi popote walipoishi, tangu zama za Biblia hadi leo. Si lazima uwe Myahudi ili uisome. Kudhani hivyo ni sawa na kudhani kila anayesomea Kiswahili chuoni kazaliwa Lamu.

Kiebrania chenyewe kilifundishwa Ulaya muda mrefu kabla ya taaluma hii kuwako. Mfalme Henry VIII wa Uingereza aliweka profesa wa Kiebrania Cambridge mwaka 1540. Ila wanafunzi walikuwa Wakristo, na lugha hiyo kwao ilikuwa ufunguo wa Agano la Kale, kama ilivyo mpaka sasa kwa wachungaji wanaosomea theolojia huku kwetu. Myahudi aliye hai, anayeoa na kudaiwa kodi, hakuwa mada.

Mambo yalianza kugeuka Berlin. Mwaka 1819 vijana wachache wa Kiyahudi, akiwemo Leopold Zunz na Eduard Gans, waliunda chama cha kuyatafiti maandishi ya watu wao kwa mbinu zilezile walizotumia wasomi wa Kijerumani kwa Wagiriki na Warumi: linganisha nakala, tafuta tarehe, uliza nani aliandika na kwa nini. Chama hakikudumu. Prussia, dola ya Kijerumani iliyotawala Berlin, haikuwa tayari kumpa Myahudi uprofesa, na mwaka 1825 Gans akabatizwa. Mwaka uliofuata uprofesa ukapatikana. Zunz hakubatizwa. Mwaka 1848 aliomba Chuo Kikuu cha Berlin kiwe na nafasi ya profesa wa somo hili, akakataliwa. Kwa hiyo somo likakulia pembeni, kwenye seminari kama ile iliyofunguliwa Breslau mwaka 1854, likaja kupata nafasi za uprofesa karne iliyofuata, huko Marekani: Harry Wolfson huko Harvard mwaka 1925, mwanahistoria Salo Baron huko Columbia mwaka 1930. Baron alikuwa na msimamo ninaoupenda: alikataa historia ya Wayahudi isimuliwe kama msiba mmoja mrefu, kana kwamba kati ya mateso na mateso hakuna aliyefanya biashara, aliyetunga mashairi wala aliyegombana na mkwewe.

Ushahidi kwamba walifanya yote hayo umo kwenye geniza ya Cairo. Geniza ni mahali pa kuhifadhia karatasi zilizochakaa, kwa sababu maandishi yenye jina la Mungu hayatupwi ovyo. Katika sinagogi la Ben Ezra, Cairo ya zamani, zilirundikwa kwa karne nyingi bila kuchaguliwa: vipande vya Torati, talaka, hati za madeni, barua za mabaharia. Solomon Schechter, msomi wa Cambridge, alifika huko mwishoni mwa 1896, na leo Cambridge pekee ina vipande zaidi ya 190,000. Humo yumo Abraham Ben Yiju, mfanyabiashara wa karne ya 12 kutoka Tunisia, aliyeishi miaka mingi pwani ya Malabar, India, akipelekeana bidhaa na washirika wake wa Aden. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa meli zao zilingoja nini: pepo zilezile za kusi na kaskazi.

Barua hizo ni za Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Anayejua tenzi zetu za kale zilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu ataelewa papo hapo. Ndiyo maana lugha ni mzigo mzito wa mwanafunzi wa somo hili: Kiebrania kwanza, Kiaramu akitaka Talmudi (mkusanyiko wa mijadala ya marabi wa kale kuhusu sheria), Kiyidi kwa Ulaya ya Mashariki, Kiladino kwa waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Hata Biblia anaipokea kwa mpangilio mwingine. Ya Kiyahudi haiishii Malaki, inaishia Mambo ya Nyakati.

Usichanganye idara hii na chuo cha marabi. Gershom Sizomu, wa jamii ya Abayudaya, Waafrika wanaofuata dini ya Kiyahudi karibu na Mbale, Uganda, alisomea seminari Los Angeles na kuwa rabi mwaka 2008. Alifundishwa kuongoza waumini. Aliye idara ya Masomo ya Kiyahudi angeweza kuwafuata Abayudaya haohao kwa swali jingine: ilikuwaje mwasisi wao Semei Kakungulu, kamanda wa Kiganda aliyewahi kuwatumikia Waingereza na kubatizwa, mwaka 1919 akaishika Torati na kutahiriwa pamoja na wanawe? Angeanzia kwenye Biblia ya Kiganda aliyoisoma, halafu ageukie ugomvi wake na wakoloni.