Je, jimbo dogo la wakulima linaweza kujitenga na nchi yake? Ufafanuzi kwa wananchi

Maswali kuhusu kujitenga hayaji kwenye kitengo chetu cha elimu ya katiba mwaka mzima. Huja kwa mafungu: bajeti ya serikali kuu ikisomwa na jimbo fulani likajiona limepunjwa, au uchaguzi ukiisha kwa uchungu. Muulizaji husema watu wao ni wachache, wanaishi kwa kilimo na mifugo, makao makuu hayawasikii. Basi kwa nini wasipige kura wakaondoka? Tunaamini wengi wanaouliza hivyo wana nia njema, na wanastahili kujibiwa bila kuzungushwa. Jimbo dogo linaweza kujitenga. Limetokea mara chache, na karibu kila lilipofanikiwa serikali iliyokuwa ikiachwa ilikuwa imekubali.

Tuanze na hofu isiyo na msingi, kwamba jimbo ni dogo mno kuwa nchi. Nauru ina eneo la kilomita za mraba 21 tu na Tuvalu ina watu wapatao 11,000, na zote ni wanachama wa Umoja wa Mataifa wenye kura moja kila mmoja, sawa na China. Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933, mkataba wa kimataifa unaoeleza nchi ni nini, unataja mambo manne ambayo nchi inapaswa kuwa nayo: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na nchi nyingine. Hautaji idadi ya watu wala ukubwa wa eneo. Tunaomba hoja ya udogo iwekwe kando, kwa sababu inakula muda mwingi wa mijadala na haiamui chochote.

Linaloamua ni sheria, na hapa ndipo upotoshaji ulipo mkubwa. Wananchi hutuletea maneno "haki ya watu kujiamulia mambo yao" wakidhani ni hati ya kuondokea. Maneno hayo yamo kweli kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Lakini Azimio namba 1514 la Baraza Kuu la Umoja huo la mwaka 1960, lililozipa nguvu harakati za uhuru wa makoloni, linasema pia kwamba jaribio la kuvunja umoja wa nchi na mipaka yake halipatani na malengo ya Mkataba huo. Miaka minne baadaye, viongozi wa Afrika walikubaliana mjini Cairo kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Jimbo lenye wabunge wake, shule zake na kura zake ndani ya nchi haliwekwi fungu moja na koloni, hata kama limepuuzwa kwa muda mrefu.

Hoja ya pili inayoletwa ni Kosovo, iliyojitangazia uhuru kutoka Serbia. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema tarehe 22 Julai 2010 kwamba tangazo la uhuru wa Kosovo halikukiuka sheria ya kimataifa. Ulikuwa ushauri, wala Mahakama haikusema kwamba Kosovo ilikuwa na haki ya kujitenga. Swali hilo haikuulizwa. Tumelieleza jambo hili mara nyingi na bado linarudi likiwa limepindishwa vilevile, kwa hiyo tunalirudia: kutangaza hakukatazwi, lakini kutangaza hakuleti nchi.

Katiba nyingi duniani ama zinataja umoja usiovunjika ama hazisemi lolote kuhusu kuondoka. Marekani ni mfano wa kundi la pili. Mahakama Kuu yake iliamua mwaka 1869, katika shauri la Texas dhidi ya White, kwamba jimbo haliwezi kujitoa isipokuwa kwa mapinduzi au kwa ridhaa ya majimbo mengine. Kwa hiyo jimbo la mashambani kama Vermont, ambalo lilijitawala tangu 1777 hadi lilipojiunga mwaka 1791, halirudishiwi uhuru huo kwa sababu tu liliwahi kuwa nao. Kanada imekwenda mbele kidogo. Mwaka 1998 Mahakama Kuu yake ilisema jimbo la Quebec haliwezi kujitoa peke yake, lakini wapiga kura wengi wakisema ndiyo bila utata, kwa swali lisilo na utata, pande zote zinawajibika kukaa mezani kujadiliana.

Kundi dogo la katiba limeandika mlango wa kutokea. Ethiopia inao katika ibara ya 39. Mfano unaomfaa zaidi msomaji wetu ni Nevis, kisiwa kidogo kilicho ndani ya nchi ya Saint Kitts na Nevis, kwa kuwa utaratibu wake, katika kifungu cha 113, umeandikwa hatua kwa hatua. Muswada huwasilishwa kwenye Bunge la kisiwa. Zipite siku zisizopungua 90 kabla haujaanza kusomwa mara ya pili. Uungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wa kuchaguliwa. Kisha kura ya maoni, nayo ipate theluthi mbili ya kura zilizopigwa. Juu ya hayo, mapendekezo kamili ya katiba ya nchi mpya yawe yamekaa mezani kwa Bunge miezi sita kabla ya kura, na wapiga kura wawe wameyapata siku 90 kabla. Sharti hili la mwisho ndilo watu hulisahau: huombi kura ya kuondoka kabla hujaonyesha unakwenda wapi.

Nevis walifika siku ya kura, tarehe 10 Agosti 1998. Waliosema ndiyo walikuwa 2,427 na waliosema hapana 1,498. Theluthi mbili ilikuwa kura 2,617. Zilipungua 190, idadi ya watu wanaoweza kutosha kwenye ukumbi mmoja wa shule, na kisiwa kikabaki kilipokuwa.

Sudan Kusini haikuwa ndogo, lakini inaonyesha ridhaa inafananaje kwa vitendo. Haki ya kura ilipatikana kwenye mkataba wa amani wa Januari 2005, baada ya vita virefu. Januari 2011, karatasi ya kura ilikuwa na picha mbili: mkono mmoja ulioinuliwa kwa kujitenga, na mikono miwili iliyoshikana kwa umoja, ili hata asiyejua kusoma aweke dole gumba mahali sahihi. Asilimia 98.83 walichagua mkono mmoja. Nchi ya kwanza kuitambua ilikuwa Sudan yenyewe, na ndiyo maana tarehe 14 Julai, siku tano tu baada ya uhuru, ikawa mwanachama wa 193 wa Umoja wa Mataifa.

Bila ridhaa, mambo huwa mengine. Katalonia ilipiga kura tarehe 1 Oktoba 2017 baada ya Mahakama ya Katiba ya Hispania kuizuia. Mwezi huohuo serikali kuu mjini Madrid ilitumia ibara ya 155 ya katiba kuchukua madaraka ya jimbo. Mwaka 2019 viongozi tisa walihukumiwa vifungo vya miaka 9 hadi 13 kwa kosa la uchochezi, wakakaa gerezani hadi msamaha wa Juni 2021. Kwingine shtaka linaweza kuwa uhaini, na adhabu yake ni nzito zaidi. Tunaziandika adhabu hizi kwa sababu wanaosaini tangazo huwa ni watu wenye familia, na baadhi yao hudhani kura ya wananchi ni kinga mahakamani. Si kinga.

Tuchukulie jimbo limevuka yote hayo. Ombi la uanachama hupelekwa kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa pamoja na tamko la kukubali wajibu wa Mkataba. Baraza la Usalama hulipigia kura: zinahitajika 9 kati ya 15, na pasiwe na kura ya turufu ya Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi au China. Ndipo Baraza Kuu huamua kwa theluthi mbili. Somaliland ilitangaza uhuru tarehe 18 Mei 1991, ikawa na sarafu yake, pasipoti yake na chaguzi zake, lakini ikapitisha zaidi ya miaka 30 bila mwanachama hata mmoja wa Umoja huo kuitambua.

Kwa mkulima, kutambuliwa hakuishii kwenye bendera. Ng'ombe anayevuka mpaka huhitaji cheti cha afya ya mifugo kilichotolewa na mamlaka ambayo nchi inayonunua inaitambua. Siku ya kwanza ya uhuru usio na ridhaa, muhuri wa daktari wa mifugo wa jimbo unakuwa karatasi tu, na maziwa hayawezi kungoja mazungumzo. Kama jimbo halina bahari, bandari ni ya yule uliyeachana naye kwa ugomvi, au ya jirani anayeogopa majimbo yake yasiige. Sudan Kusini, pamoja na ridhaa yote ile, ilisimamisha uzalishaji wa mafuta Januari 2012 kwa sababu bomba lilipita Sudan na hawakuelewana kuhusu ada; ilichukua zaidi ya mwaka mafuta kuanza kutoka tena.

Tunaombwa pia tuseme malalamiko yapelekwe wapi basi. Tarehe 8 Aprili 1933 wapiga kura wa Australia Magharibi, jimbo la wakulima wa ngano lililochoshwa na ushuru uliolinda viwanda vya mashariki, walichagua kujitenga, takriban wawili kwa mmoja. Siku hiyohiyo waliichagua serikali ya jimbo iliyopinga kujitenga. Maombi yao yalifika London, kwa sababu katiba ya Australia ilikuwa sheria ya Uingereza, na mwaka 1935 Bunge la Uingereza likakataa kuyapokea kwa kuwa Australia yenyewe haikuyaomba. Lakini mwaka uleule wa kura serikali ya shirikisho ilikuwa imeunda Tume ya Ruzuku, ipime kwa hesabu kila jimbo lenye shida linastahili kiasi gani. Tume hiyo ipo hadi leo, na Australia Magharibi imeendelea kubishana nayo kuhusu mgawo wake. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, jimbo likapata kiwango cha chini ambacho mgawo wake hauruhusiwi kushuka.