Kagani ni nani hasa? Tumuangalie Bögü wa Wauyghur

Ukisoma historia ya Asia ya Kati utakutana na kagani kila baada ya kurasa mbili, na wengi wanamchukulia kama mfalme tu basi. Kagani ni mkuu wa makabila ya wafugaji wa farasi, anatiiwa kwa sababu inasemekana mbingu ndo imemweka, lakini pia, na hapa ndo penyewe, kwa sababu analeta mali na wakubwa wa koo wanapata mgao. Wakiona anawapeleka pabaya wanamtoa, na mara nyingi hatoki hai.

Bögü, kagani wa Wauyghur, watu wa jamii ya Kituruki, alitawala 759 hadi 779, mji wake Ordu-Baliq kwenye bonde la mto Orkhon, Mongolia ya leo. China ya ukoo wa Tang ilikuwa imeshikwa koo na waasi, ikamuita, akashuka na jeshi 762. Mtoto wa mfalme wa China alipoenda kumpokea akaambiwa acheze ngoma ya heshima mbele ya kagani, akagoma, basi maofisa wake wanne wakachapwa viboko mia mia na wawili wakafa usiku huohuo. Luoyang ikakombolewa, halafu wakombozi wenyewe wakaipora.

Humo Luoyang ndo akakutana na makuhani wa dini ya Mani, nabii wa zamani wa dola ya Uajemi; makuhani hao walikuwa Wasogdi, watu wa upande wa Samarkand, akarudi nao wanne na 763 akaifanya dini ya dola. Makuhani wale nyama hawagusi, sasa wapelekee hiyo habari watu wanaoishi kwa kondoo na farasi! Ila Wasogdi walikuwa pia wafanyabiashara wakubwa na biashara ilikuwa tamu, farasi mmoja anauzwa China kwa majora 40 ya hariri, hata farasi mchovu. Kwa hiyo Wasogdi wakazidi kumkaa sikioni, na wakubwa wa koo nao wakazidi kununa.

779 mfalme wa China akafa, Wasogdi wakamwambia Bögü hii ndo nafasi, vamia. Waziri wake Tun Baga, ambaye pia ni ndugu yake, akamkanya, hakusikilizwa, akamuua pamoja na watu kama 2,000, jamaa za Bögü, wapambe na Wasogdi wenyewe, akajitangaza kagani, akatuma ujumbe wa amani China na akatawala mpaka 789.