Utando wa buibui kwa ajili ya seli za pafu

Ndani ya pafu, hewa na damu hutenganishwa na ukuta usiofika hata mikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Huku kuna seli za kifuko cha hewa, kule seli za kapilari, yaani vishipa vyembamba vya damu, na katikati mkeka wa nyuzi za protini. Kazi yangu maabarani ni kuufuma mkeka huo.

Kiswahili huita utando kile kinachoganda juu ya maziwa, na pia nyumba ya buibui. Modeli nyingi za tishu, yaani vielelezo vya tishu za mwili vinavyokuzwa maabarani, hutumia utando wa aina ya kwanza: plastiki bapa yenye vitundu, unene wa mikromita 10 hivi. Hata chipu ya pafu, kifaa kidogo chenye seli hai kinachoiga pafu, ya watafiti Dan Huh, Donald Ingber na wenzao, ya mwaka 2010, ilitumia silikoni ya unene huo. Ilitufungulia njia, nami naiheshimu sana. Lakini seli zimezoea nyuzi, kwa hiyo mimi natafuta utando wa buibui.

Katika kiyeyusho nayeyusha polikaprolaktoni, aina ya plastiki, pamoja na jelatini, ili seli zipate pa kushika. Mchanganyiko unaingia kwenye bomba la sindano, na sindano naiunganisha na umeme wa volti 15,000. Tone linalochungulia nchani linavutwa mpaka linachongoka kama pia. Mwanafizikia Geoffrey Taylor alilifafanua umbo hilo kihesabu mwaka 1964. Hapo unachomoka mchirizi, unajipinda hewani kama mjeledi, unakonda huku kiyeyusho kikiruka. Kinachotua kwenye bamba la chuma ni uzi wa nanomita mia kadhaa. Unywele wako ni mnene kuliko huo mara mia na zaidi.

Kinachonisumbua zaidi ni unyevu wa hewa. Ukipanda, nyuzi zinaota vinundu kama shanga, na utando unachanika ukiugusa kwa koleo. Nilitupa kazi ya wiki nzima ndipo nikaanza kuandika kipimo cha unyevu kila asubuhi.

Usiuchemshe kwa mvuke kuua vijidudu: mashine hufika nyuzi 121 za Selsiasi, na polikaprolaktoni huyeyuka kwenye 60 hivi. Tumia alkoholi ya asilimia 70.

Kisha naugeuza juu chini, napanda seli za kapilari, nasubiri saa kadhaa zishike. Naugeuza tena, napanda za kifuko cha hewa. Zikishafunika utando wote, naondoa maji ya lishe upande wao, zianze kukutana na hewa.