Mionzi na kemo (dawa za kuua seli za saratani) ukiwa mbali na hospitali: maswali ya wagonjwa wa mikoani

Natoka Mbeya, nina saratani ya shingo ya kizazi na nimepangiwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Naweza kuwa nakwenda na kurudi?

Haiwezekani. Kwa kawaida mionzi ya nje ni mara 25 hivi, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 5, na kila mara unalala chini ya mashine dakika chache tu. Kisha inafuata mionzi ya ndani, inayotolewa kwa kifaa kinachoingizwa ukeni hadi kwenye shingo ya kizazi. Lengo ni kumaliza yote ndani ya wiki 8, kwa sababu ukikatisha katikati, seli za saratani zilizobaki huzaliana upya. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo gharama itakayokuelemea ni malazi na chakula kuliko nauli. Siku ya kwanza kabisa muone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, uulizie hosteli na msamaha wa gharama. Wengi humwendea fedha zikishakata, nao wameshakosa siku kadhaa. Alama za wino ulizochorwa mwilini kuonyesha pa kupigwa mionzi usizisugue unapooga.

Aliye Kanda ya Ziwa aulize kwanza kuhusu Bugando, Mwanza. Mionzi ipo.

Kemo yangu ni kila baada ya siku 21. Nafika, naambiwa damu iko chini, narudishwa. Nifanyeje?

Safari hiyo ya bure mara nyingi inaepukika. Chembe nyeupe za damu hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, kisha hupanda. Zikichelewa kupanda, dozi huahirishwa. Omba kliniki ikuandikie kipimo cha picha kamili ya damu, figo na ini, ukapime hospitali ya wilaya siku 2 kabla ya kusafiri. Piga picha karatasi nzima, jina na tarehe vionekane, umtumie muuguzi wa kliniki. Kata tiketi akishakujibu.

Na ndani ya basi?

Dawa, kadi ya kliniki na majibu ya kinyama (kipande kilichokatwa kupimwa saratani) vikae kwenye mkoba wa mkononi, visiwekwe kwenye buti. Dawa ya kuzuia kutapika meza kwa saa uliyoandikiwa, usingoje kichefuchefu. Basi likisimama, shuka utembee: saratani na kukaa muda mrefu huchangia damu kuganda mguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, ishia hospitali iliyo karibu.

Nikipata homa nikiwa nyumbani?

Pima joto kabla ya kumeza panadol, maana inaificha homa. Likifika nyuzi 38, usifunge safari ya Dar. Nenda hospitali ya karibu saa hiyo hiyo, hata usiku, useme mlangoni kwamba uko kwenye kemo. Huenda ukahitaji antibayotiki ya sindano haraka.