Taarifa zako zimevuja? Usifute ujumbe

Masoko ya tumbaku yakifunguliwa, ofisi yangu hapa Tabora hupokea wageni wa aina mbili: wenye ugomvi wa mashamba, na wenye simu mkononi. Mzee nitakayemsimulia (nimegeuza mambo madogo madogo asijulikane) alikuja na kiswaswadu kilichofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili betri isidondoke. Alipanda gari la alfajiri kutoka upande wa Urambo. Kabla sijamaliza kumwamkia alishaanza:

"Mwanangu wakili, mimi si wa kuibiwa kwa ile 'pesa tuma kwenye namba hii'. Hao nawajua. Huyu alinitajia majina yangu matatu, namba ya uanachama na mabelo ya tumbaku niliyouza. Ningemkataaje?"

Hakumkataa. Alimtajia namba ya siri akidhani anaongea na mtu wa malipo, na shilingi 840,000 zikaondoka kabla hajafika nyumbani kwake kutoka kilabuni.

Tapeli wa kawaida anabahatisha. Anatuma ujumbe uleule kwa watu elfu, mmoja akinasa basi. Lakini anayejua idadi ya mabelo yako habahatishi, kuna mahali amesoma. Na mahali penyewe ni pachache: chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), benki, kampuni iliyokuandikisha kwa mkopo wa pembejeo, au fundi anayewatunzia hao mfumo. Nilimuuliza mzee kama kuna jirani aliyepigiwa simu ya namna hiyo. Wawili. Wako AMCOS tofauti, benki tofauti, ila wote watatu walijaza fomu za kampuni moja, na wiki mbili kabla yake kampuni hiyo ilibandika tangazo kwamba ilipata "changamoto ya kimfumo". Maneno hayo ukiyaona ukutani, lipige picha hilo tangazo.

Watu wengi wakifika hapa wanamtafuta mwizi tu. Mwizi ana kesi yake: nenda polisi, chukua RB (namba ya taarifa yako kituoni), Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo. Wala usingoje RB ndipo upige simu kwa mtandao wako kuomba muamala uzuiwe, maana pesa hukaa kwenye namba ya tapeli kwa dakika, si kwa siku. Piga *106# uone kama kuna laini ngeni iliyosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040. Lakini aliyeacha mlango wazi naye ana kesi yake, na huyo ana ofisi, ana anwani, ana akaunti benki. Hapo ndipo mimi huweka nguvu.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Inamtaka kila anayekusanya taarifa zako azilinde, awe na afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi, na usalama ukivunjwa aijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Jambo ambalo hata baadhi ya mawakili wenzangu huliruka ni kwamba sheria hii inahesabu miamala ya fedha ya mtu kuwa taarifa nyeti, kundi moja na alama za vidole. Kwa hiyo orodha ya wakulima na malipo yao si karatasi ya kuachwa mezani, wala faili la kurushiana kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi.

Sasa ushahidi. Nilipomwomba mzee anionyeshe ujumbe, akanyamaza. Kijana wake alikuwa ameufuta. Kiswaswadu kikijaa hakipokei ujumbe mpya, na kijana alitaka nafasi. Ulibaki mmoja tu, wa muamala, tena kwa bahati. Rekodi za simu na miamala zinapatikana kwenye mtandao, lakini zinaombwa kwa utaratibu na zinachukua muda. Maneno ya tapeli, yale yanayoonyesha alijua nini, yalikuwa kwenye simu ile tu.

Kwa hiyo simu ikijaa, futa za matangazo. Zile zenye jina lako, namba yako au hesabu zako ziache. Azima simu ya mtu, piga picha kioo cha simu yako namba ya mtumaji, tarehe na saa vikionekana. Kisha chukua daftari, andika siku hiyohiyo: alipiga saa ngapi, alisema nini, alitaja kipi ambacho mtu wa nje asingekijua. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, ila mahakama itataka kujua ulitunzwaje na nani aliushika. Anayeapa kwamba picha ile aliipiga mwenyewe siku ya tukio yuko mbali mbele ya aliyerushiwa na shemeji.

Baada ya hapo, barua. Watu huidharau, wanataka kukimbilia mahakamani. Barua yangu kwa kampuni ilikuwa ya ukurasa mmoja, na moyo wake ni maswali manne: "Mnatunza taarifa zangu zipi? Mmempa nani? Tarehe gani mligundua kwamba zimetoka? Tume mmeijulisha lini?" Sheria inakupa haki ya kujua taarifa zako zinafanyiwa nini, kwa hiyo huombi hisani. Andika kwa afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi, nakala kwa meneja, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Wakigoma kugonga muhuri, tuma kwa posta kwa rejista na utunze risiti. Kampuni isiyojibu imekusaidia, maana ukimya wake unaubandika kwenye lalamiko.

Lalamiko linakwenda Tume, na si lazima uwe na wakili (najiharibia biashara, lakini ndivyo ilivyo). Tume inatakiwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90, na inaweza kuongeza muda usiozidi siku nyingine 90. Inaweza kuiamuru kampuni irekebishe mambo, na inaweza kuitoza hadi shilingi milioni 100. Kwa kosa la jinai la kutoa taarifa za watu isivyo halali, kampuni inaweza kupigwa faini hadi shilingi bilioni 5. Mzee aliposikia bilioni aliinuka kitini. Nikamkalisha: faini ni ya serikali. Kilicho chako ni fidia, na hiyo sheria inakupa haki ya kuidai. Usiporidhika na uamuzi wa Tume, kuna rufaa Mahakama Kuu, na hiyo iko hapahapa Tabora, na iko Kigoma pia.

Kwenye fidia sitakudanganya. Hasara halisi lazima uitaje shilingi kwa shilingi na uithibitishe: muamala, nauli, gharama ya kurudisha laini. Usumbufu na fedheha huingia kwenye fidia ya jumla, na hapo unabaki mikononi mwa hakimu. Kampuni nayo itasema, na ilisema, "namba ya siri ulitoa mwenyewe". Hoja hiyo ina uzito na inaweza kupunguza fidia. Jibu langu ni kwamba kuvuja ni kosa lililokamilika hata kabla simu haijaita, na kwamba mzee asingemwamini yule mtu bila hesabu ya mabelo iliyotoka kwao.

Kijana wa mzee, aliyekuwa anafuatilia kwenye simu yake kubwa, akaniuliza habari za Marekani, ambako watu hufungua kesi moja mamilioni kwa pamoja. Kweli, hufungua. Kampuni ya Equifax ilivujisha taarifa za watu kama milioni 147 mwaka 2017, na katika suluhu ya 2019 watu walitajiwa dola 125 kila mmoja. Fungu lenyewe lilikuwa na ukomo wa dola milioni 31, walioomba wakawa wengi mno, na malipo yakashuka chini kabisa. Wingi wa watu si lazima uwe wingi wa pesa. Hapa kwetu tuna kesi ya uwakilishi, chini ya Amri ya 1, Kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai: wachache wanashtaki kwa niaba ya wengi wenye shauri moja, kwa kibali cha mahakama. Kwa wakulima watatu sikuona haja. Wangekuwa mia tatu, ningeandika maombi usiku huohuo. Ila usilale: madai ya madhara kama haya yana ukomo wa miaka mitatu, ya mkataba miaka sita.

Jirani wa suala hili ni mikopo ya simu, inayokwapua namba zote ulizohifadhi kisha kuwatumia wakwe zako ujumbe kwamba hulipi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zinazokopesha bila leseni. Deni lako lipo palepale, lakini halimpi mtu ruhusa ya kumtangazia mama mkwe. Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alimtoza mkopeshaji mmoja wa namna hiyo shilingi za kwao 2,975,000. Njia ni ileile: picha, daftari, barua, Tume.

Kampuni ya mzee ilijibu siku ya kumi na tisa. Hawakujibu hata swali moja kati ya manne. Walileta karatasi ya kurasa mbili wakijitolea shilingi 400,000 "kwa ubinadamu", na mahali pa kuweka dole gumba palikuwa pameshachorwa. Mzee alikuwa tayari, watoto wanafungua shule. Nikamsomea kipengele cha sita kwa sauti, polepole: anayesaini anakiri kwamba taarifa zake hazikuvuja na hatalalamika popote, ikiwemo Tume.

Akaomba nirudie. Nikarudia. Akaikunja ile karatasi mara nne, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, akaniuliza basi la jioni linaondoka saa ngapi na fomu ya Tume anajazia wapi. Tulijazia mezani kwangu.