PhD ya kinesiolojia si ya kukanda magoti

Hili neno kinesiolojia watu wanalivuta huku na huku mpaka saa hii halijulikani ni nini, na mimi nimechoka kulisikia hivo. Mpira ukiisha hapa Mombasa, pale Tononoka ama Mbaraki, mchezaji anachechemea, utasikia "mpelekeni kwa dokta wa kinesiolojia amkande". Kijana wa watu akipata nafasi ya kwenda kusomea PhD ya kinesiolojia na taaluma za michezo, barazani wanamuuliza kwani mtu husomea PE, lile somo la mazoezi la shuleni, mpaka uzeeni. Na mtandaoni huko kuna wanaouza "kinesiolojia" ya kukusukuma mkono halafu unaambiwa chakula gani kinakudhuru. Yote matatu si sawa.

Maana yenyewe haina urefu. Kinesiolojia ni elimu ya mwendo wa mwili wa binadamu, yaani misuli inavyovuta mifupa, moyo na mapafu yanavyoilisha hiyo misuli, ubongo unavyojifunza na kuongoza harakati, na kitu gani kinamfanya mtu aanze mazoezi ama ayaache. Neno limetoka kwa Kigiriki, kinesis ni mwendo, basi. Taaluma za michezo ni ndugu yake wa upande wa jamii: historia ya michezo, pesa zake, wasichana wanaachia wapi kucheza na kwa nini, siasa za viwanjani. Vyuo vingi vya Marekani huviweka pamoja kwenye idara moja.

PhD sasa ni kutafuta jambo ambalo halijajulikana bado na kulithibitisha. Kule Marekani kawaida unaanza na masomo ya darasani, takwimu unafunzwa mpaka kichwa kinauma, halafu unafanya mtihani mkubwa wa kupima kama unaijua taaluma yako, halafu unaandika pendekezo, unafanya utafiti wenyewe, unaandika tasnifu na unaenda kuitetea mbele ya jopo la maprofesa. Miaka minne, mitano inaenda hivo. Hapo kote hujafunzwa kuandikia mtu dawa wala kushona kidonda, kwa sababu si kazi yake. Kazi yake ni swali.

Na maswali yenyewe ni matamu, hilo ndo watu hawajui. Chukua kina mama wanaobeba mizigo. Nenda soko la Kongowea alfajiri uangalie, mama ana karai la embe kichwani, shingo imenyooka, mikono haishiki kitu, na wewe usiye na mzigo anakupita. Anawezaje? Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mwanasayansi Mkenya, Geoffrey Maloiy, na wenzake wa ng'ambo kina Norman Heglund. Waliwatembeza kwenye mashine ya kukimbilia wanawake wa Kiluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, huku wanapima oksijeni wanayotumia. Wakakuta mzigo usipozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili oksijeni haiongezeki. Yaani mama wa kilo 60 anabeba kilo 12 na mwili wake unatumia nguvu ileile ya kutembea mikono mitupu, ukipita hapo ndo gharama inaanza kupanda. Mwaka 1995 Heglund na wenzake wakarudi na sababu: mtu akitembea mwili unainuka na kushuka kila hatua, nguvu ya kushuka inatumika kumsukuma mbele lakini nyingine inapotea hapo katikati, sasa hawa kina mama wakibebeshwa mzigo walikuwa wanapoteza kidogo kuliko wakitembea bila kitu. Mwili ulikuwa umejifunza wenyewe kwa miaka ya kubeba. Hiyo ndo kinesiolojia. Hakuna mpira hapo wala medali, na hakuna aliyekandwa.

Ama ule utafiti wa London wa 1953, Jeremy Morris na wenzake waliwalinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa na makondakta wao, wakakuta kondakta anayepanda na kushuka ngazi siku nzima anapatwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko dereva aliyekaa. Morris mwenyewe alikuwa tabibu lakini swali lake leo linafunzwa kwenye kinesiolojia dunia nzima. Ukipanda matatu ya Bamburi mwangalie dereva, halafu mwangalie makanga, mtu angeweza kufanya tasnifu nzima hapo.

Sasa lile la kusukumwa mkono ndo linaloniudhi zaidi, na lina historia yake. Zamani idara za PE kwenye vyuo vya Marekani kazi yao kubwa ilikuwa kufunza walimu wa PE. Mwaka 1964 Franklin Henry, profesa wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, akaandika makala akisema kuna elimu kamili hapa, ya kusimama yenyewe, hata kama hakuna anayetaka kuwa mwalimu. Makala hiyo ilisukuma sana mambo, idara zikaanza kujijenga upya kwa utafiti na baadaye nyingi zikachukua hili jina la kinesiolojia. Mwaka huohuo wa 1964, kule Detroit, mnyoosha mgongo mmoja anaitwa George Goodheart akaanzisha kitu akakiita "kinesiolojia tumizi": unanyoosha mkono, yeye anausukuma chini, ukilegea anasema kiungo fulani ndani kina shida ama chakula fulani hakikufai. Kimepimwa kwa njia ambayo anayesukuma hajui anapima nini, na majibu yakawa hayapiti ya kubahatisha. Jina karibu moja, mwaka mmoja, na hawana udugu wowote. Mtu akikulipisha pesa kwa hilo la pili akikwambia lina PhD nyuma yake, anatumia heshima ya watu wengine. Hata ile tepu ya rangi wachezaji wanayobandika magotini, inayoitwa tepu ya kinesio, aliyeianzisha ni Kenzo Kase wa Japani kwenye miaka ya 1970, na jina tu ndo limeazimwa.

Halafu hili la dokta. Kiswahili chetu kinamwita daktari anayetibu na mwenye PhD vilevile, kwa hivo kuchanganya ni rahisi na simlaumu mtu. Lakini angalia watu wawili. Roger Bannister, yule Mwingereza aliyekuwa wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 4 mwaka 1954, alikuwa anasomea utabibu na akaja kuwa daktari wa mishipa ya fahamu, huyo angekutibu. Mike Boit wetu, mkimbiaji aliyepata shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich 1972, alisoma Marekani akaja kuwa profesa wa sayansi ya mazoezi na michezo Kenyatta University. Mwaka 2006 jina lake limo kwenye utafiti pamoja na watafiti wenzake Vincent Onywera na Yannis Pitsiladis, waliwauliza mamia ya wakimbiaji wa Kenya wametoka wapi, lugha yao ni gani, na shule walikuwa wanaenda kwa miguu, kwa kukimbia ama kwa gari. Wote wawili waliitwa daktari lakini kazi zao zilikuwa tofauti.

Na fizio, yule anayetibu misuli na viungo kwa mazoezi na kukanda, naye ni mtu mwingine kabisa, hapa Kenya ana sheria yake ya 2014 na baraza lake la kumsajili. Ni kweli Ontario kule Kanada kuna wanaosajiliwa kwa jina la kinesiolojia na wanawasimamia wagonjwa kwenye mazoezi ya kuwarudisha hali yao, lakini hiyo ni leseni ya kazi, hawahitaji PhD kuipata, na leseni hiyo hapa Mombasa hatuna.

Kwa hivo ndugu zangu wa barazani na wa uwanjani, mtoto wa jirani akirudi na PhD yake mwiteni Dokta, ni haki yake na ameitolea jasho. Goti lililofura lipelekeni kwa fizio ama hospitali. Yeye mkalisheni, mpeni kahawa, mumuulize swali lake lilikuwa lipi na alipata jibu gani.