Povu Linalovimba Halinyamazishi Gari
Kwa muda mrefu baadhi ya mafundi wa bodi wameamini kwamba kujaza povu linalovimba, lile linalopulizwa kutoka kwenye kopo, ndani ya milango na nguzo zinazoshikilia paa hulifanya gari kuwa kimya. Povu hilo ni jepesi mno kuzuia sauti, na vijishimo vyake vilivyofungika haviinyonyi kama sponji yenye vijitundu vilivyo wazi. Kinachotuliza mtetemo wa bati ni tabaka zito la butili, aina ya mpira unaonata, lililobandikwa juu yake. Ni kweli kwamba viwandani hutiwa povu ndani ya nguzo, lakini ni la aina maalumu, katika sehemu zilizopimwa. Lile la kopo huweza kuziba matundu ya kutolea maji, unyevu ukabaki humo na kutu ikala bati kutoka ndani, pasipoonekana. Tena, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi, atakayechomelea hapo baadaye huenda akawasha moto wenye moshi wa sumu.